Kampuni kuheshimu haki za binadamu: maana yake kiwandani, mgodini na kwenye ofisi ya ununuzi

Kampuni kuheshimu haki za binadamu ni kufanya biashara bila kumdhuru mtu, na pale biashara hiyo inapomdhuru, kulishughulikia jambo hilo mpaka aliyeumia apate haki yake. Mtu huyo anaweza kuwa kibarua wa kampuni yenyewe, jirani wa kiwanda, mteja, au mchimbaji wa kobalti asiyejua hata jina la kampuni itakayouza simu yenye betri iliyotokana na jasho lake. Hapo ndipo mnyororo wa ugavi unapoingia: safari nzima ya bidhaa kutoka shambani au mgodini, kupitia viwanda, maghala na meli, hadi kwa mnunuzi wa mwisho. Wajibu wa kampuni hauishii kwenye geti lake.

Dhana hii ilipata umbo lake la sasa Juni 2011, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipoziidhinisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu. Ni kanuni 31, zilizotokana na kazi ya miaka sita ya Profesa John Ruggie, mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Zinagawa kazi hivi: serikali inao wajibu wa kuwalinda watu, kampuni inalo jukumu la kuheshimu haki zao, na aliyeumia lazima awe na mahali pa kupata nafuu, yaani kusikilizwa na kufidiwa. Kanuni hizi si mkataba unaosainiwa na nchi, lakini sheria nyingi zilizokuja baadaye zimechota humo. Na ndani yake kuna jambo ambalo kampuni nyingi hulipita haraka: jukumu lao halitegemei serikali. Sheria ya nchi ikiwa legevu, au mkaguzi wa kazi asionekane mwaka mzima, kampuni bado inadaiwa heshima ileile.

Haki zenyewe ni zote zinazotambuliwa kimataifa. Kwa upande wa kazi, kiwango cha chini kabisa ni haki za msingi zilizowekwa na Shirika la Kazi Duniani: kujiunga na chama cha wafanyakazi na kujadiliana kwa pamoja, kutolazimishwa kufanya kazi, watoto kutotumikishwa, kutobaguliwa, na tangu 2022, kufanya kazi mahali salama na penye afya. Nje ya geti kuna maji ya kunywa, ardhi ya watu, faragha, na uhai wa wanaothubutu kulalamika.

Wengi huchanganya jambo hili na misaada, nami naona mkanganyiko huo umewafaa sana wasiotaka kubadilika. Kampuni iliyojenga zahanati kijijini imefanya jambo jema, lakini zahanati hiyo haifuti sumu iliyomwagwa kwenye mto wa kijiji hichohicho. Kanuni Elekezi zinasema wazi kwamba wema uliofanywa kwingine haufidii kushindwa kuheshimu haki. Ripoti iliyojaa picha za madarasa na miche ya miti bado haijatwambia lolote kuhusu mshahara wa mfungasha mizigo.

Sasa, kampuni inahusika kwa kiasi gani na madhara yanayotokea mbali nayo? Chukua mfano wa oda ya mashati. Kampuni ya mavazi imekubaliana na kiwanda, na mzigo unatakiwa kupakiwa melini mwisho wa mwezi. Zikiwa zimebaki wiki mbili, ofisi ya ununuzi inatuma barua pepe: rangi ibadilishwe, idadi iongezwe, tarehe na bei vibaki vilevile. Meneja wa kiwanda anajua akikataa, oda ijayo itakwenda kwa mwingine. Anakubali. Zamu iliyokuwa ikitoka jioni sasa inatoka usiku wa manane, na mama aliyeacha mtoto mchanga nyumbani haulizwi kama anaweza kubaki. Sehemu ya kazi inapelekwa kimyakimya kwenye karakana ndogo ambayo mnunuzi hajawahi kuisikia. Aliyewashikilia watu usiku ni kiwanda, hilo halina ubishi. Lakini ile barua pepe imechangia.

Kanuni zinatofautisha ngazi hizo. Kampuni inaweza kusababisha madhara yenyewe, na hapo inapaswa kuacha na kulipa. Inaweza kuchangia, kama ilivyofanya ofisi ya ununuzi, na hapo inapaswa kuacha mchango wake, kushiriki katika fidia, na kutumia ushawishi wake kupunguza yaliyobaki. Au inaweza kuwa imeunganishwa tu na madhara kupitia bidhaa inazonunua, kwa mfano karakana ile ingechukua watoto bila mnunuzi kuchangia kwa lolote. Hata hapo haruhusiwi kunawa mikono. Anatakiwa kutumia ushawishi alionao kwa kiwanda, na kama hautoshi, autafute, pengine kwa kuungana na wanunuzi wenzake.

Kazi ya kuyajua yote haya mapema huitwa uangalifu stahiki wa haki za binadamu. Kampuni inachunguza ni wapi shughuli zake zinaweza kuwaumiza watu, inachukua hatua, inafuatilia kama hatua hizo zimefanya kazi, kisha inawaeleza watu wazi ilichokuta na ilichofanya. Halafu inaanza upya, maana wasambazaji, yaani wanaoiuzia kampuni bidhaa na malighafi, hubadilika, na nchi hubadilika. Wahasibu wamezoea kuuliza: jambo hili lina hatari gani kwa kampuni? Hapa swali linageuzwa: kampuni ina hatari gani kwa watu? Na kwa kuwa hakuna awezaye kushughulikia kila kitu kwa siku moja, kinachotangulia ni madhara mazito zaidi: yanayotishia uhai, yanayogusa watu wengi, au yasiyoweza kurekebishwa yakishatokea. Ukubwa wa zabuni sio unaopanga foleni. Msambazaji mdogo wa kemikali anaweza kustahili kuchunguzwa kabla ya yule anayechukua nusu ya bajeti.

Kampuni nyingi husimama kwenye ukaguzi na kudhani zimefika. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache tu kabla ya moto, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini asubuhi.

Hakuna fomu ya ukaguzi ambayo ingewapa washonaji wale nguvu ya kubaki nje. Chama cha wafanyakazi chenye nguvu kingeweza, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: uhuru wa kujiunga na chama ni haki inayolinda haki nyingine, kwa sababu mfanyakazi yuko ndani ya jengo kila siku, ilhali mkaguzi anakuja mara moja na mara nyingi kwa taarifa. Mwezi uliofuata baada ya Rana Plaza, kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi zilitia saini makubaliano ya usalama wa moto na majengo nchini Bangladesh. Yalikuwa na nguvu ya kisheria, wahandisi huru walikagua viwanda zaidi ya 1,600, matokeo yakachapishwa hadharani, mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari, na wanunuzi wakabanwa kuhakikisha kiwanda kina uwezo wa kifedha wa kufanya marekebisho.

Hilo la fedha linahitaji kukaziwa. Mnunuzi anayedai mishahara halali huku akilazimisha bei isiyoweza kulipa mishahara hiyo anajua anachoomba. Ndiyo maana uangalifu stahiki usioingia kwenye mikataba ya ununuzi, muda wa kutekeleza oda na tarehe za malipo hubaki karatasi.

Je, kampuni ikikuta uovu kwa msambazaji, iondoke? Wakati mwingine ndiyo, lakini kukimbia hakupaswi kuwa hatua ya kwanza. Mtoto aliyekutwa kazini akifukuzwa siku hiyohiyo anaweza kuishia kwenye kazi mbaya zaidi. Anachohitaji ni kurudishwa shuleni, na familia yake kusaidiwa kipato. Mfanyakazi mhamiaji aliyetozwa fedha nyingi na wakala na kunyang'anywa pasipoti hasaidiwi na oda kuvunjwa. Anasaidiwa na pasipoti kurudishwa mkononi mwake na ile ada kulipwa na aliyemwajiri.

Sheria zinazozilazimisha kampuni kufanya uangalifu huu nazo zimeanza kuuma. Ufaransa ilitunga yake mwaka 2017, ikiyabana makampuni yenye wafanyakazi 5,000 nchini humo au 10,000 duniani, na aliyeumizwa anaweza kwenda mahakamani. Ya Ujerumani ilianza kutumika Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2024, kisha mwaka 2025 ukasogeza mbele utekelezaji baada ya shinikizo la kibiashara. Kasoro moja imeshajitokeza: baadhi ya wanunuzi wamegeuza sheria hizi kuwa kifungu cha mkataba kinachomtwika msambazaji mzigo wote, kana kwamba sahihi yake imewaondolea jukumu.

Ukitaka kupima kampuni, usianze na tamko la sera yake. Tafuta kama imechapisha orodha ya viwanda vyake. Tafuta kama maofisa ununuzi wanapimwa kwa bei tu au pia kwa hali za wanaozalisha. Kisha soma sehemu ya malalamiko. Njia ya malalamiko inayofaa hufahamika na wafanyakazi, hutumia lugha yao, humlinda anayesema, na hutoa jibu ndani ya muda unaojulikana. Kampuni yenye maelfu ya wasambazaji ikiandika kwamba mwaka mzima haikupokea lalamiko hata moja, uliza namba ya simu ya malalamiko imebandikwa wapi, na nani anaipokea.