Je, wajua kwa nini vijiji vizima vilihamishwa ili wanajeshi wajifunze kushuka ufuoni?

Malindi ina haki ya kuzungumzia Vita vya Pili vya Dunia. Oktoba 1940 ndege za Waitaliano, waliokuwa wakitawala Somalia wakati huo, zilidondosha mabomu mjini humu. Basi habari za vita hiyo hazikosi wasikilizaji barazani. Nilipokuwa nikisimulia habari za Slapton, pwani ya Uingereza ambako vijiji vilihamishwa ili Wamarekani wafanye mazoezi, nahodha mmoja mzee wa Shela alinikatiza: "Mwanangu, pwani si pwani tu? Walikosa nini kwenda kujifunzia mahali pasipo na watu?"

Slapton Sands ni ufuo wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Chini ni changarawe. Ukishapanda changarawe unakuta ukanda mwembamba wa nchi kavu wenye barabara, na ng'ambo ya barabara kuna ziwa refu la maji matamu liitwalo Slapton Ley. Askari anayeshuka hapo ana bahari mgongoni na maji mengine mbele yake, hana pa kutawanyikia. Sasa tazama ufuo wa Normandy, Ufaransa, uliopewa jina la siri la Utah, ambapo Wamarekani walipangiwa kushuka mwaka 1944 kuivamia nchi hiyo iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Nyuma ya ufuo Wajerumani walikuwa wamefurisha mashamba maji makusudi, na waliotaka kuingia bara ilibidi wapite kwenye njia chache zilizoinuka juu ya maji hayo. Umbo ni lile lile. Mwambao usio na watu ungeweza kupatikana, lakini mwambao wenye umbo hilo, karibu na bandari za kusini ambako meli zingeng'oa nanga, haukuwa rahisi kuupata.

Hapo mzee akauliza habari za maji, nami nilijua atauliza. Wajerumani walikuwa wamechimbia nguzo na vyuma ufuoni kwa Normandy, vingine vimefungwa mabomu. Maji yakijaa, vyote vinafunikwa na boti inajigonga bila kuona. Kwa hiyo ilitakiwa kushuka maji yakiwa yamekupwa na ndiyo kwanza yanaanza kurudi, tena iwe alfajiri, na usiku wake kuwe na mbalamwezi ya kuwasaidia askari wa miavuli. Huku kwetu siku za bamvua maji hukupwa sana kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kule Normandy, bamvua hiyo hiyo ya mwezi mpevu huyakausha maji karibu na mapambazuko. Kila pwani ina saa zake, na siku zilizokubali masharti yote kwa mwezi mmoja zilikuwa chache mno. Kikosi kisichojua kupakia, kusafiri na kushuka kwa saa iliyopangwa kingeharibu kila kitu. Hilo ndilo lililokuwa likifundishwa Slapton. Kulenga shabaha walikuwa wamekwisha kujifunza kwingine.

Wenyeji wakalipa. Novemba 1943 waliitwa mikutanoni wakaambiwa wawe wameondoka kabla ya tarehe 20 Desemba. Watu wapatao 3,000 wa Slapton, Torcross, Strete, Blackawton na vijiji vya jirani waliacha eneo la ekari kama 30,000. Wakulima waliuza mifugo kwa haraka, mazao yakang'olewa kabla ya siku zake, na kulikuwa na wazee ambao maisha yao yote hayakuwahi kuwapeleka mbali. Sababu kamili hawakupewa. Siri ya uvamizi ilikuwa nzito kuliko nyumba zao. Mimi naona kwamba hawa ndio watu wanaosahaulika upesi zaidi katika kisa hiki, kwa kuwa hawakufa.

Mazoezi yalianza Januari 1944, kwa risasi na mizinga ya kweli, ili askari wazoee mshindo. Lile kubwa, lililoitwa Tiger, lilifanyika mwishoni mwa Aprili. Asubuhi ya tarehe 27 baadhi ya meli zilichelewa, na admeri akaahirisha kwa saa moja wakati wa kushuka. Boti nyingine hazikupata habari. Zikashuka kwa saa ya zamani, na mizinga ya wenzao ikaanza kupiga ufuo askari wakiwa juu yake.

Usiku wake likaja kubwa zaidi. Msafara wa meli nane, zile kubwa zenye mlango wa mbele wa kushushia vifaru, ulikuwa ukizunguka ghuba ya Lyme kuelekea Slapton. Ulipaswa kulindwa na manowari mbili. Moja, Scimitar, ilikuwa imegongwa na kubaki bandarini Plymouth, na hakuna iliyoletwa mahali pake kwa wakati. Ikabaki Azalea peke yake. Boti za kasi za Kijerumani zenye topido, yaani mabomu yaendayo chini ya maji, zilizotoka Cherbourg, bandari ya Ufaransa, zikapenya gizani. Azalea ilikuwa imearifiwa kuhusu boti hizo, lakini meli za msafara hazikusikia, kwa kuwa zilikuwa zikisikiliza redio kwenye masafa mengine. Chanzo chake? Kosa la kupiga chapa katika karatasi za amri.

Saa nane za usiku topido zikaanza kupiga. Katika zile meli nane, iliyoitwa LST 507 ilishika moto na kuzama. LST 531 ilizama kwa dakika kama sita. Ya tatu, LST 289, ilivunjwa nyuma lakini ikajikokota hadi Dartmouth. Wamarekani 749 walikufa, kwa hesabu inayotajwa zaidi. Wengi hawakuuawa na mlipuko. Walikuwa wamepewa mikanda ya kujaza hewa ya kuelea, bila kuonyeshwa namna ya kuivaa. Walikuwa na mizigo mgongoni, wakaifunga mikanda kiunoni badala ya chini ya makwapa. Walipoingia majini ikawapindua, miguu juu, kichwa chini. Nahodha wangu alitikisa kichwa aliposikia hapo. Wengi wa waliobaki wima waliuawa na baridi ya maji.

Hofu ya wakubwa haikuwa vifo peke yake. Miongoni mwa waliopotea walikuwamo maofisa kumi waliojua siri za uvamizi. Kama mmoja tu angeopolewa hai na Wajerumani, mpango mzima ungevuja. Msako haukukoma mpaka miili ya wote kumi ilipopatikana. Walionusurika wakaamriwa kufunga midomo, na miaka mingi ikapita watu wa nje wakijua machache. Mwaka 1954 jeshi la Marekani liliweka mnara ufuoni Slapton wa kuwashukuru wenyeji waliohama. Waliokufa walingoja zaidi: mkazi mmoja, Ken Small, alinunua kwa serikali ya Marekani kifaru kilichokuwa kimelala chini ya bahari, akakivuta nchi kavu mwaka 1984 na kukisimamisha Torcross kuwa kumbukumbu yao.

Kabla ya uvamizi mambo kadhaa yalirekebishwa. Masafa ya redio yakalinganishwa, askari wakafundishwa kuvaa mikanda, na boti ndogo zikatengwa kwa kazi ya kuokota watakaoanguka majini. Tarehe 6 Juni 1944 kikosi kile kile kikashuka Utah, na waliouawa na kujeruhiwa ufuoni siku hiyo walikuwa kama 200, chini kabisa ya waliokufa mazoezini.

Tena hawakushuka mahali hasa walipopangiwa. Mkondo uliwasukuma karibu kilomita 2 kusini, kwenye sehemu yenye ulinzi hafifu zaidi, na Jenerali Theodore Roosevelt Mdogo, aliyekuwa kati ya wa kwanza kukanyaga nchi kavu, akaamua vita ianzie hapo hapo walipo.