“Ni uzee tu, daktari”

Maneno hayo nayasikia karibu kila siku, na mara nyingi anayeyasema ameshika paka aliyeanza kuumwa miezi kadhaa nyuma.

Uzee wenyewe si ugonjwa. Paka aliyepita miaka 10 atalala zaidi, sawa. Lakini akikonda, akinywa maji kupita kawaida yake au akiacha kuruka, kuna sababu, na nyingi ya sababu hizo zina tiba au walau nafuu.

Figo ndizo zinazonitesa zaidi, kwa kuwa zina akiba kubwa. Paka anaweza kupoteza kama theluthi mbili ya uwezo wake wa figo ndipo mkojo uanze kuwa mwingi na mwepesi. Tukigundua tatizo hilo mapema kwa kupima damu na mkojo, tukambadilishia chakula apate chenye fosforasi kidogo, wengi huishi vizuri kwa muda mrefu.

Kuna mwingine anakula kwa pupa, anadai tena, na bado mbavu zinahesabika. Mwenye paka anafurahi kwamba hamu ya kula ipo. Mimi hapo hapo napapasa koo. Tezi ya thairoidi ikizidisha homoni, mwili huunguza kila kinachoingia na moyo hukimbia. Vidonge huituliza.

Maungio yakiuma, paka halii. Mtazame anapotaka kupanda kitandani: anasimama, anainua kichwa, anapima kimo, anahamisha uzito kutoka mguu huu wa nyuma hadi ule, kisha anageuka na kwenda zake. Mwekee kigoda cha kukanyagia, na sanduku la mchanga liwe na ukingo mfupi. Nakusihi usimpe parasetamoli. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua.

Akianza ghafla kugonga viti, mboni zimetanuka hata kwenye mwanga, huenda ni shinikizo la damu limeshambulia macho. Usingoje kesho.

Kwa siku za kawaida, kifaa ninachokiamini kuliko vyote ni mzani wa watoto wachanga. Mpime kila mwezi. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, kama mtu wa kilo 70 aliyepungua 7, na manyoya yanaficha yote hayo. Andika namba hizo kwenye daftari, uje nalo kila baada ya miezi 6. Nitalisoma kabla sijamgusa paka.