Kimya cha Kwaresima: ufafanuzi kwa waamini wa Kigoma

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu inaangukia tarehe 18 Februari. Kabla haijafika, ofisi yetu ya liturujia imeona vema itoe ufafanuzi wa jambo ambalo tangu Kwaresima iliyopita limeletewa malalamiko kutoka pande mbili. Upande mmoja wapo waamini wanaosema hawapati hata dakika tano za kusali kwa utulivu kanisani. Wakiwahi, wanakuta kwaya inafanya mazoezi. Wakibaki baada ya Misa, wanakuta matangazo ya michango yanaendelea. Wakija siku ya kazi, wanakuta kufuli. Upande wa pili wapo viongozi wa kwaya na vikundi wanaosema kila Kwaresima ikifika wanazibwa mdomo. Naamini wote wanalipenda Kanisa lao, na ndiyo maana nawajibu kwa pamoja.

Nianze na kimya chenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye kutoelewana. Wengi wetu tunakihesabu kimya kuwa pengo, dalili kwamba mtu fulani hakujiandaa. Mara kadhaa nimekuwa kanisani, padri akasema "Tuombe", akanyamaza kidogo kama anavyotakiwa, na kabla sijahesabu hadi tano nikamsikia mtu wa mitambo akigongagonga kipaza sauti, akidhani kimezima. Alikuwa na nia njema. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba padri alikuwa amefanya sawasawa.

Maelekezo ya jumla ya Misale ya Roma, yaani kitabu cha sala za Misa, namba 45, yanakitaja kimya kitakatifu kuwa sehemu ya adhimisho, na yanasema kinakaa wapi. Katika tendo la toba na baada ya "Tuombe", kila mmoja anajikusanya moyoni. Baada ya somo au mahubiri, anatafakari kwa ufupi alichosikia. Baada ya Komunyo, anamsifu Mungu na kumwomba ndani ya moyo wake. Namba hiyohiyo inahimiza kimya kabla ya Misa kuanza, ndani ya kanisa, sakristia (chumba cha kuvalia mavazi ya Misa) na maeneo yanayopakana nayo, na hapo sakristia ni pamoja na ile ya kigango, kanisa dogo chini ya parokia, ambayo ni kona yenye pazia. Hivyo mazoezi ya kwaya dakika kumi kabla ya Misa, watu wakiwa wameshapiga magoti, hayana nafasi. Sisemi hili kwa kuwabana wanakwaya. Mazoezi yafanyike siku moja kabla, au chini ya mwembe nje, mbali na mlango.

Sasa kinanda. Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa barua na barabarani, na bado linarudi kama vile halijawahi kujibiwa. Namba 313 ya maelekezo hayohayo inasema kwamba wakati wa Kwaresima kinanda na vyombo vingine vya muziki vinaruhusiwa kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu. Sharti hilo haliihusu Jumapili ya nne, ambayo mwaka huu ni tarehe 15 Machi, wala sherehe na sikukuu. Tarehe 19 Machi ni ya Mtakatifu Yosefu na tarehe 25 Machi ni ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Anayetangaza kwamba kinanda kimepigwa marufuku amekosea. Anayekipiga peke yake dakika sita watu wakitoka kupokea Komunyo, bila mtu kuimba, naye amekosea. Parokia iliyofungia kinanda stoo hadi Pasaka haijavunja sheria, ila isiwaambie watu kwamba ndivyo sheria inavyodai.

Wapo wanaouliza kosa la namna hiyo lina adhabu gani. Halina faini, na hakuna anayetengwa na Kanisa kwa sababu ya kinanda. Kanuni ya 528 ya Sheria za Kanisa inampa paroko jukumu la kusimamia liturujia ya parokia yake chini ya Askofu, na kuangalia ukiukaji usipenye. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzungumza na paroko, ana kwa ana. Waraka wa Vatikani uitwao Redemptionis Sacramentum, wa mwaka 2004, namba 184, unampa kila Mkatoliki haki ya kupeleka malalamiko kuhusu ukiukaji wa liturujia kwa Askofu wa jimbo, au hata kwa Kiti cha Kitume, yaani Papa na ofisi zake Roma, ila unashauri yaanzie kwa Askofu, na yapelekwe kwa ukweli na upendo. Malalamiko yaandikwe: lini, parokia au kigango gani, nini kilifanyika, na jina la mwandishi. Ujumbe wa sauti unaorushwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, ukimtaja mwenyekiti wa kwaya kwa jina, haumfikii Askofu. Unamfikia mke wa mwenyekiti. Tafadhali tuache tabia hiyo.

Kuna jambo la historia yetu ambalo hunijia kila ninapoona tunashindwa kungoja. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na Kardinali Lavigerie, aliyewatuma, aliagiza watu waandaliwe kwa ubatizo kwa miaka minne. Miaka minne mtu mzima anafundishwa, anaangaliwa, anangoja. Wazee walioanzisha imani katika ukanda huu wa ziwa walipitia ungojaji huo. Sisi tuliobatizwa tungali wachanga, padri akiketi baada ya Komunyo, tunageuka nyuma kuona kwa nini wimbo wa shukrani umechelewa.

Kuhusu kufuli. Kanuni ya 937 inataka kanisa linalohifadhi Ekaristi Takatifu liwe wazi kwa waamini angalau kwa saa chache kila siku ili wapate kusali mbele ya Sakramenti, isipokuwa kuna sababu nzito. Hii ni haki yenu, na nashangaa jinsi walivyo wachache wanaoidai. Najua sababu ya kufuli ni wizi. Wizi wa spika na betri za sola ni tatizo la kweli. Hata hivyo jibu la wizi ni mlinzi, au wana jumuiya wanaopokezana zamu. Jumuiya moja ikichukua Jumatatu na nyingine Jumanne, kanisa linaweza kuwa wazi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni bila gharama yoyote. Jumuiya zinazotaka zamu zijiandikishe ofisi ya parokia, zikitaja watu wawili wazima kwa kila siku.

Walinzi hao wafahamu yafuatayo. Kanuni ya 938 inataka tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iwe imara, isiyohamishika, isiyoonyesha kilichomo, na ifungwe kwa ufunguo. Ufunguo huo unatunzwa kwa uangalifu mkubwa na mwenye dhamana ya kanisa. Mlinzi wa zamu hakabidhiwi. Asiuombe. Ufunguo usiachwe juu ya altare wala kwenye droo ya sakristia ambayo kila mtumishi wa altare anaijua. Nalisisitiza hili kwa sababu kanuni ya 1382 inasema anayetupa Ekaristi, au kuichukua au kuihifadhi kwa nia ya kuikufuru, anapata adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo kwa tendo lenyewe, na kuondolewa kwa adhabu hiyo kumewekwa mikononi mwa Kiti cha Kitume. Paroko hawezi kuiondoa kwa kawaida, wala Askofu. Si jambo la kusemea "tutaongea na padri yataisha".

Mwaka jana zilikuja pia taarifa za vikundi vilivyopanga kuabudu Ekaristi usiku bila kumshirikisha paroko. Kwa mujibu wa kanuni ya 943, mhudumu wa kuweka Ekaristi wazi na kutoa baraka ni padri au shemasi. Katika mazingira maalumu akolitho (mhudumu wa altare aliyewekwa rasmi), mhudumu wa Komunyo asiye wa kawaida au mtu mwingine aliyeteuliwa na Askofu anaweza kuiweka wazi na kuirudisha, lakini hatoi baraka. Kikundi kinachotaka kuabudu kimwone paroko mapema, kikiwa na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na majina ya watakaokuwepo muda wote, maana Sakramenti iliyowekwa wazi haiachwi peke yake. Na ratiba iwe na kimya. Nimewahi kuletewa ratiba ya saa tatu yenye nyimbo kumi na nane, mafundisho mawili, shuhuda na sadaka. Niliirudisha. Watu walikuja kumtazama Bwana wao. Wapewe walau nusu saa ya kumtazama.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, na hapo sina kanuni ya kunukuu. Injili ya Jumatano ya Majivu inasema mtu anayesali aingie chumba chake cha ndani na kufunga mlango. Mama mmoja wa Mwanga aliniuliza baada ya Misa, bila ubishi wowote: "Baba mwalimu, sisi saba tuko chumba kimoja cha kupanga. Hicho cha ndani ni kipi?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiri swali lake muda mrefu, na nimewauliza wengine wanafanyaje. Mmoja anaamka saa kumi alfajiri, kabla redio ya jirani haijaanza, anaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya nyumba. Dereva wa bodaboda anakaa kijiweni dakika kumi simu ikiwa imezimwa, na wenzake wameshazoea, hawamsemeshi. Pale mwalo wa Kibirizi, dada anayeanika dagaa aliniambia kwamba katika Kwaresima huanika bila kuongea hadi chanja ya kwanza ijae, akisali kwa kila konzi anayotandaza. Mikono inaendelea na kazi, mdomo unapumzika. Sijaona chumba cha ndani kizuri kuliko chanja ile.

Wavuvi nao wanastahili neno lao, kwa sababu kila mwaka wanalaumiwa kwamba hawaonekani Jumatano ya Majivu. Wanaowalaumu hawajatazama mbingu. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ukihesabu kurudi nyuma siku 46 kufikia Jumatano ya Majivu, daima unaangukia siku za karibu na mwandamo wa mwezi, usiku ukiwa bado na giza. Mwaka huu mwezi unapotea gizani tarehe 17 Februari, mkesha wa majivu, na Ramadhani, ambayo nayo hufuata mwandamo, inatarajiwa kuanza wiki hiyohiyo. Giza ndilo msimu wa dagaa. Taa inawavuta kwa sababu hakuna mwanga mwingine. Tunamtaka mvuvi aje Misa ya jioni saa ileile ambayo mitumbwi inatoka.

Basi wajue hivi. Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri, na asiyepakwa majivu hajatenda dhambi. Kufunga siku hiyo na Ijumaa Kuu kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Si 60, kama wengi wanavyofundishana. Kanuni ya 1252 inasema hadi mwanzo wa mwaka wa sitini, na mwaka wa sitini unaanza mtu anapotimiza 59. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Mwenye kazi nzito ya usiku anaweza kumwomba paroko, naye kwa kanuni ya 1245 anaweza kumwondolea wajibu huo au kuubadilisha kwa tendo jingine jema. Aombe kabla ya siku yenyewe. Na wale wanaojisifu kwamba Ijumaa hawakugusa nyama, huku wamekula mgebuka mzima kwa mawese: sheria wameitimiza, ila mtu wa Kigoma anajua mwenyewe kama amejinyima.

Mvuvi mmoja wa Katonga ndiye aliyenifundisha kuhusu kimya kuliko vitabu vyangu. Alisema wakishafika na kuwasha taa, hakuna cha kufanya. Injini imezimwa. Unakaa, unangoja dagaa wapande. Saa moja, wakati mwingine mbili. "Vijana wageni wanawasha muziki kwenye simu," alisema. "Sisi wazee hapo ndipo tunaposali. Huwezi kumharakisha samaki." Nikamwomba aje kuwaeleza wanakwaya wetu hayo. Alikuja, akasimama mbele yao na kofia mkononi, akasema maneno yaleyale, akaondoka.

Mwezi utakuwa mpevu tarehe 2 Aprili, ambayo ni Alhamisi Kuu. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina kazi, mitumbwi inakaa ufukweni, na wavuvi wako nchi kavu. Baada ya Misa ya Karamu ya Bwana, Ekaristi hupelekwa mahali pa kuhifadhiwa na waamini hukesha nayo. Hadi saa sita usiku kuabudu kunaweza kufanyika kwa utaratibu wa pamoja, pamoja na masomo na nyimbo tulivu. Baada ya saa sita shamrashamra zote hukoma, kwa kuwa siku ya Mateso imeanza, lakini anayetaka kubaki haondolewi. Maparoko wameombwa kuacha mlango mmoja wazi na kuzima vipaza sauti vyote ifikapo saa hiyo. Zamu za kuanzia saa sita hadi saa kumi alfajiri tumeziacha wazi makusudi kwa wavuvi na familia zao. Majina yanapokelewa kwa makatekista wa vigango vya ziwani hadi Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi.