Dar es Salaam hadi Mwanza: Muda wa Tiketi Unahesabiwaje

Likizo za mwisho wa mwaka zikikaribia, dawati letu hupokea malalamiko ya namna moja. Abiria ameona kwamba Dar es Salaam na Mwanza zimeachana kilomita 850 hivi, akasoma mahali kuwa jeti huenda kilomita 830 kwa saa, akagawanya, akapata saa moja. Tiketi inasema karibu saa moja na nusu. Anataka kujua nani atamlipa nusu saa yake.

Kilomita hizo 850 ni za mstari wa angani. Kwa barabara ya Dodoma na Singida ni zaidi ya 1,100. Muda wa tiketi nao huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Uwanja wa Julius Nyerere na kuisha inaposimama kwenye maegesho ya Mwanza. Ndani yake kuna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda, kushuka na kujipanga na njia ya kutua. Ule mwendo wa 830 hupatikana katikati tu. Ukipangiwa ndege ya pangaboi, ambayo huenda kilomita 600 na ushee kwa saa, tegemea karibu saa moja na dakika 50. Juu ya Ziwa Victoria mvua za radi hupamba moto usiku na alfajiri, na rubani anayezikwepa anakulinda wewe. Si haki kumwita mzembe.

Hata hivyo, kinachowaponza wengi ni saa yenyewe. Tiketi hufuata mtindo wa saa 24. 07:00 ni saa 1 asubuhi, wala si saa 7 mchana. Tumelieleza hili mara nyingi mno, na bado watu wanafika uwanjani ndege ilishatua Mwanza, kisha wanadai nauli. Hatari zaidi ni 00:30 ya tarehe 20: hiyo ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 20, kwa hiyo uondoke nyumbani tarehe 19 jioni. Ukikosa ndege kwa sababu hiyo, masharti ya tiketi yako ndiyo yanayoamua kama utalipa tozo ya kubadili safari au utapoteza nauli yote. Yasome kabla ya kulipa.

Ukiwa na dai la kweli, anza na shirika la ndege, kwa maandishi. Tunza kipande cha kupandia ndege na lebo ya mzigo. Bila hivyo hatuna pa kuanzia. Anayetoka, tuseme, Muscat kwenda Mwanza kupitia Dar es Salaam kwa tiketi moja, hata sehemu ya Dar hadi Mwanza inahesabiwa kuwa safari ya kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo. Chini ya mkataba huo, mzigo ulioharibika hulalamikiwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea; uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Mahakamani una miaka 2. Kwa ucheleweshaji, shirika halitawajibika likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua iliyostahili kuzuia hasara. Malalamiko ya mdomo pale kaunta, hata yakiwa ya kelele namna gani, hayasimamishi siku hizo kuhesabiwa.