Date ya Java haina fomati

"Nibadilishie fomati ya hiyo Date iwe dd/MM/yyyy (siku/mwezi/mwaka)." Waandika programu wa Dodoma wamelizoea ombi hili kama walivyouzoea upepo wa vumbi wa Agosti, na kila likitamkwa kuna objekti, yaani kifurushi cha data ndani ya programu, inasingiziwa. Date, objekti ya wakati katika lugha ya programu ya Java, haina fomati. Haijawahi kuwa nayo.

Kwa kifupi, java.util.Date ni namba moja tu: milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, saa za rejea za dunia. Kuumbiza ni kutoa maandishi kutoka kwenye namba hiyo. Kuchanganua ni safari ya kurudi, kutoka maandishi hadi objekti. Basi.

Mkanganyiko unaanzia kwenye majina. "Tarehe" tuliipata kwa Waarabu, kutoka tarikh, na asili yake ni tendo la kuandika siku kwenye waraka. Humohumo likabeba na maana ya historia, ndiyo maana Kiswahili cha zamani kiliita tarehe hata habari za kale za mji. Neno lenyewe linanuka wino. Mtu akilisikia huona maandishi. Waliounda Java nao wakalibandika jina la Date kwenye klasi (kiolezo cha objekti) ambayo si tarehe hata kidogo, ni nukta ya wakati, na nukta ya wakati haina siku mpaka useme uko wapi. Kisha toString(), amri ya kuionyesha objekti kwa maandishi, ikaharibu zaidi: huchapa siku, saa na herufi EAT (saa za Afrika Mashariki), mtu akaamini EAT imo ndani ya objekti, kumbe imeazimwa kwenye mipangilio ya mashine inayoendesha programu.

Siku hupotea hapo. Chukua 26 Aprili 2018, Dodoma ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Mtumiaji akiichagua kwenye kisanduku cha tarehe cha fomu, kivinjari hutuma 2018-04-26, hata kama kwenye kioo kimeonyesha 26/04/2018. Ichanganue kuwa Date kwa saa za hapa, unapata saa sita usiku ya kuingia tarehe 26, ambayo kwa UTC ni 21:00 ya tarehe 25. Seva iliyowekwa UTC ikiumbiza nukta ileile, jiji limezaliwa siku moja kabla. Hapo hata ubadilishe ruwaza, yaani mpangilio kama dd/MM/yyyy, mara kumi, hupati dawa. Siku isiyo na saa inataka LocalDate, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014. Ukihitaji nukta kamili, hifadhi Instant, na unapoumbiza taja Africa/Dar_es_Salaam. Africa/Dodoma usijaribu, makao makuu ni hapa, lakini ZoneId.of, amri ya Java ya kutafuta eneo la saa, haiitambui na itakutupia kosa.

Ruwaza nazo zina mitego yake. MM ni mwezi, mm ni dakika, na dd/mm/yyyy huchapa dakika mahali pa mwezi bila kulalamika. YYYY ni mwaka wa wiki, si wa kalenda: 30/12/2024 hutoka 30/12/2025, kosa linalolala karibu mwaka mzima likisubiri Desemba. SimpleDateFormat, kiumbizaji cha zamani cha Java, kwa ulegevu wake hupokea 31/02/2024 na kurudisha 2 Machi. Tena ikiwekwa static (nakala moja ya wote) na kuhudumia maombi mengi kwa pamoja, huchanganya tarehe za watu, kwani hufanyia hesabu kwenye kalenda moja iliyo ndani yake. DateTimeFormatter, mrithi wake, imepona ugonjwa huo wa mwisho, ila nayo isipobanwa huishusha 31/02/2024 hadi 29 Februari. Ibane kwa ResolverStyle.STRICT, na mwaka uuandike uuuu, maana yyyy kwenye ukali huo hudai pia utaje zama (KK au BK).

Kwa hiyo ombi lisomeke hivi: "Iumbize Date hii kwa dd/MM/yyyy, saa za Afrika Mashariki." Na mwenzako akilalamika kwamba ameumbiza lakini Date "imerudi kama zamani", mwambie taratibu kwamba alichopata ni String, yaani maandishi, na Date ilikuwa palepale muda wote, na namba yake.