Maji ya Paa Si ya Chemba ya Majitaka

Masika yakishika kasi, simu za dawati letu la dharura la majitaka hapa mjini Moshi huleta kilio kimoja: chemba imefurika, mtaa unanuka, wekeni bomba kubwa. Malalamiko tunayapokea na mafundi wanatoka usiku huohuo. Ila hilo la bomba kubwa limesemwa mno, kwa hiyo leo tuhesabu.

Chukua bomba la milimita 150, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100. Likijaa pomoni hupitisha takribani lita 15 kwa sekunde. Mtu akitumia lita 100 za maji kwa siku, tunakadiria asilimia 80 hurudi kama majitaka. Watu 5,000 watatoa lita 400,000, wastani wa lita 4.6 kwa sekunde. Lakini watu hawaogi kwa wastani. Saa kumi na mbili asubuhi mji mzima uko bafuni, kwa hiyo tunazidisha mara tatu: karibu lita 14. Bomba limebeba, japo kwa kubanwa.

Sasa paa. Mita za mraba 100 za bati, mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa: lita 5,000 kwa saa, sawa na lita 1.4 kwa sekunde. Mapaa kumi ya namna hiyo, lita 14. Ndiyo, nyumba kumi zilizoelekeza gata, yaani mfereji wa maji ya paa, kwenye chemba zinamaliza nafasi ya watu elfu tano.

Usiku mmoja wa mvua tulifungua chemba katikati ya mji, saa tisa. Kiangazi, saa hiyo maji chini hayazidi vidole viwili. Fundi aliposhusha kijiti cha kupimia kikalowa mpaka karibu na mfuniko, na juu yakaelea majani ya mwembe. Wanamoshi hawaogi wote saa tisa usiku, na mwembe hauoti chooni.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo tunavyoingiza kwenye modeli ya kompyuta, pamoja na kimo cha kila chemba na kipenyo cha kila bomba. Mji wetu umelala mteremkoni, Kilimanjaro juu, mabwawa ya majitaka Mabogini chini, hivyo majitaka hushuka yenyewe. Ubaya wake ni kwamba maji ya paa ya jirani wa juu hutokea kwenye choo cha jirani wa chini, na anayepiga simu ni huyo wa chini.

Kupanua mtandao wa mabomba tunapanga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 katika manispaa, na ile ya 2022 imevuka 220,000. Lakini bomba lililosanifiwa kwa ajili ya mvua litakuwa karibu tupu kiangazi, maji yataenda polepole, na mchanga na kinyesi vitatuama humo. Tunataka mwendo usiopungua sentimita 60 kwa sekunde.

Kwa anayetaka kuunganishwa, utaratibu ni huu. Jaza fomu ofisini, ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Mpimaji atafika kuangalia kimo cha sakafu yako dhidi ya bomba la mtaa. Utapewa makadirio na namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo tu, usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa amevaa koti letu. Baada ya malipo fundi wetu ataunganisha, na chemba yako ya ukaguzi itabaki wazi mpaka ikaguliwe. Usiifukie kwa saruji.

Kujiunganisha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya Mwaka 2019. Narudia, bila kibali, hata kama shimo lako la karo limejaa na fundi wa mtaani amekuhakikishia hakuna shida.

Kabla ya mvua tutapuliza moshi kwenye mabomba, mtaa kwa mtaa, na wakazi watatangaziwa mapema. Moshi huo si wa moto. Ukitokea kwenye gata lako, maana yake gata limeungwa kwenye majitaka. Usipande na ndoo ya maji kuuzima, kama alivyofanya mzee mmoja. Ita fundi alitenganishe.