Resonansi ya sumaku ya kiini: jinsi umbo la protini p53 lilivyojulikana

Protini iitwayo p53 ni mlinzi wa seli. DNA ikiharibika, p53 huizuia seli isigawanyike mpaka itengenezwe, au huiamuru ife. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu kwenye jeni yake. Kazi ya protini hutegemea ilivyojikunja, lakini mikunjo hiyo ni midogo mno kwa hadubini ya kawaida.

Njia mojawapo ya kuijua ni resonansi ya sumaku ya kiini. Ni ndugu wa kipimo cha MRI cha hospitali, ila hapa haingii mgonjwa. Kinaingia kijibomba cha kioo chenye upana wa milimita 5 na nusu mililita hivi ya maji yenye protini. Wala hakipigwi picha. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni ni kisumaku kidogo. Kikiguswa na mawimbi ya redio ndani ya sumaku kubwa, huitikia kwa masafa yanayobadilika kidogo kulingana na atomu zilizokizunguka.

Umbo lenyewe hupatikana kwa ujirani. Fumbata uzi wa shanga kiganjani: ushanga wa 5 na wa 40 ziko mbali kwenye uzi, lakini mkononi huenda zinagusana. Vivyo hivyo, haidrojeni mbili zikiwa ndani ya nusu nanomita hivi, ukiisumbua moja, nyingine nayo huathirika. Taarifa kama hizo hukusanywa kwa mamia, kisha kompyuta hutafuta mikunjo inayozitimiza zote. Hutoka kundi la maumbo yanayofanana, na yanapoachana mara nyingi ndipo protini inapochezacheza. Hilo kwangu ndilo tunu ya njia hii, kwani protini huonekana ikiwa majini, hai na laini.

Kurt Wüthrich wa Uswisi alitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2002 kwa kuiendeleza. Tayari mwaka 1994 ilikuwa imeonyesha kipande kinachounganisha nakala nne za p53: mbili mbili zimeshikana, kisha jozi hizo zikabanana. Protini ni uzi wa asidi amino, kama shanga zile. Ndani ya kipande hicho, asidi amino ya 337, arginini, imeshikamana na ya 352 kwa chaji zinazovutana. Kusini mwa Brazili kuna familia ambazo arginini hiyo imegeuka histidini, asidi amino nyingine. Mshiko hulegea, na baadhi ya watoto wao hupata saratani ya tezi zilizo juu ya figo.